Kutengeneza Uta wa Mti kwa Mikono

Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, Kibra, ambalo maana yake ni msitu. Wanubi wa kwanza, waliokuwa askari wa King's African Rifles pamoja na jamaa zao, walipokaa huko mwanzoni mwa karne ya 20, jina hilo lilipafaa. Leo katika kijiji cha Mashimoni, kimojawapo cha vijiji vya Kibera, mtu huona mabati na kuta za udongo kila upande, wala si rahisi kupata hata kivuli cha mti. Kwa hiyo huenda msomaji akastaajabu akiambiwa kwamba mkazi wa mahali kama hapo aweza kujitengenezea uta mzuri wa mti, katika saa zake za mapumziko, kwa panga, kisu, tupa na kipande cha kioo kilichovunjika. Lakini aweza kabisa, mradi awe na subira, kwani kazi hii haitaki fedha nyingi ila haipendi mtu mwenye haraka.

Watu wengi hudhani kwamba uta ni fimbo iliyopindwa na kufungwa kamba. Sivyo. Wazee wa Ukambani walijua kuchagua mti, kuukausha, kuuchonga na kuujaribu, na ujuzi huo ulipita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Waata, ambao zamani waliitwa Waliangulu, waliishi katika nyika ya upande wa mashariki wa Tsavo, na nyuta zao zilikuwa ndefu na ngumu ajabu. Baadhi ya nyuta hizo zilipopimwa, ilionekana kwamba kuzivuta kwahitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, yaani kilo 45 na zaidi. Mtu mwenye nguvu za kawaida hawezi kuuvuta uta wa namna hiyo hata nusu. Nyuta za vita za Waingereza wa kale zasifiwa sana katika vitabu, lakini aliyeishika kazi ya Waata hakuona sababu ya kuidharau. Katika Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, Wahadzabe wangali wanachonga nyuta zao hadi leo na kuzitumia kwa kupata chakula.

Katika Kenya mambo yamebadilika. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji, na sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 yatoa adhabu kali kwa mvunjaji. Sheria hiyo ina sababu yake, kwani wanyama walikuwa wakimalizwa. Lakini uwindaji ulipokoma, sababu ya kuchonga nyuta ilipungua pia, na kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1977 sasa anakaribia miaka 70. Mkono uliojua ni wapi pa kupunguza mti na ni wapi pa kuacha huzeeka pamoja na mwenyewe, na jambo hilo halikuandikwa mahali pengi.

Amerika yatupa mfano. Mwezi wa Agosti 1911 mtu mmoja wa kabila la Yahi, aliyeitwa Ishi, alitoka porini katika California, watu wake wote wakiwa wamekwisha kufa. Daktari mmoja mpasuaji, Saxton Pope, alifanya urafiki naye, akajifunza kwake kuchonga uta na kupiga mishale. Ishi alifariki mwaka 1916. Pope aliendelea, na mwaka 1923 alitoa kitabu juu ya mambo hayo, ambacho kiliwafanya watu wengi wa Amerika waanze kutengeneza nyuta za mti kwa kujifurahisha tu. Mwaka 1925 alifika Afrika Mashariki kuwinda simba kwa uta. Basi kazi ambayo leo ni mchezo wa maelfu ya watu ng'ambo ilipita katika mlango mwembamba sana, yaani mtu mmoja aliyebaki na mtu mmoja aliyekubali kuketi na kumwuliza. Katika Mashimoni na Kawangware wamo wengi ambao babu zao wangali hai huko Kitui, Makueni au Machakos. Wao hawahitaji kutafuta kitabu cha Mmarekani. Nauli ya basi yatosha.

Kabla ya kueleza kazi yenyewe, lazima yasemwe maneno mawili. La kwanza ni juu ya sumu. Mishale ya kuwindia ya Wakamba na ya Waata ilipakwa sumu iliyopikwa kutoka mti uitwao kwa Kikamba kivai. Ndani yake mna kitu kinachozuia mapigo ya moyo, na mtu hufa kama afavyo mnyama. (Yuko panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu, ambaye hutafuna gome la mti huo na kujipaka mate yake ubavuni, hata mbwa anayemwuma huumwa yeye. Wataalamu walilithibitisha jambo hilo mwaka 2011.) Sumu hiyo haina kazi yo yote katika mchezo wa kulenga shabaha, na mtu asiiguse, wala asiilete katika nyumba yenye watoto. La pili ni kwamba watu hawajasahau jinsi mishale ilivyotumiwa kuua watu katika machafuko ya mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008. Mtu aonekanaye njiani Kibera na uta mkononi hawezi kulaumu majirani wakiingiwa na hofu, wala askari wa polisi akimsimamisha. Kwa hiyo uta na usafirishwe ukiwa umefunguliwa kamba, ndani ya mfuko, na mishale katika mfuko mwingine. Tena mwenye nao amweleze mapema mzee wa kijiji na majirani zake ni kitu gani anachofanya. Anayechonga kwa siri hujitafutia matata bure.

Sasa tuje kwenye mti. Hapa ndipo penye nusu ya kazi, na wengi wanaoshindwa hushindwa hapa.

Uta unapovutwa, upande wa mbele, ambao mafundi huuita mgongo, hunyoshwa. Na upande unaomwelekea mpigaji, ambao ni tumbo, hubanwa. Mti umefanywa kwa nyuzi nyingi ndogo zinazokwenda kutoka mzizi hadi kilele, kama nyuzi za katani katika kamba. Nyuzi za mgongo zikiwa nzima kutoka ncha hadi ncha, uta hupinda na kurudi. Zikiwa zimekatwa, hata kwa mkwaruzo mdogo wa panga, ndipo ufa unapoanzia. Kwa sababu hiyo wazee hawakupasua gogo kubwa. Walichukua mti mwembamba, wakatoa gome tu, na mti wa chini ya gome wakauacha kuwa mgongo bila kuugusa kwa chuma. Kazi yote ya kuchonga hufanywa upande wa tumbo. Mtu akishika kanuni hiyo moja, amekwisha kujua kinachopasua nyuta nyingi za wanaoanza.

Mti unaofaa sana na unaojulikana katika nchi kavu ya Afrika Mashariki ni mkole, wa namna zake mbalimbali. Ni mgumu, wapindika, na matawi yake hunyoka. Tena ukikatwa vizuri juu ya shina huchipua upya, hivyo anayeomba fito mbili katika shamba la mjomba wake hamharibii kitu. Anayekaa Mashimoni hana haja ya kwenda mwenyewe; amwagize jirani anayekwenda nyumbani likizo. Fito iwe na urefu wa sentimita 170 au zaidi, unene wa kifundo cha mkono wa mtoto, yaani sentimita tano hivi, nayo iwe haina vifundo vya matawi wala isijisokote. Kama gome lenyewe lazunguka shina kama kamba iliyosokotwa, nyuzi za ndani zazunguka pia, na uta utajipinda upande. Iachwe.

Wengine watatazama fito za mkaratusi zinazouzwa kwa wajenzi wa nyumba za udongo. Zapatikana karibu na ni rahisi, lakini mkaratusi una desturi ya kupasuka unapokauka, na mara nyingi nyuzi zake huzunguka. Saipresi na mgrevilea ni laini mno. Msitu wa Barabara ya Ngong uko karibu na Kibera, na huenda mtu akashawishika. Lakini msitu huo ni wa serikali, na kukata mti humo bila idhini ni kosa chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016.

Iko njia nyingine kwa asiye na jamaa shambani. Aende kwa wauza mbao na kuomba ruhusa ya kuchagua ubao mgumu. Autazame ubao upande wa bapa, kisha autazame upande wa ukingo. Mistari ya mti iende sawasawa toka mwanzo hadi mwisho pande zote mbili, bila kukimbilia nje ukingoni. Katika mbao mia huenda akapata mmoja au asipate hata mmoja, na muuzaji atachoka naye. Akiupata, ni vema abandike kitambaa cha pamba kizito mgongoni kwa gundi ya mbao kabla ya kuuvuta, kitambaa hicho kisaidie kushika nyuzi zilizokatwa na msumeno.

Mti mbichi hauchongwi ukawa uta. Hupinda na kubaki umepinda, kama mkia wa mbwa. Fito ikiletwa, miisho yake miwili ipakwe rangi au nta mara moja, maana maji hutoka upesi mwishoni na kufanya nyufa. Gome litolewe wakati mti ungali mbichi, kwa kuwa hubanduka kwa vidole. Kisha mti upunguzwe kidogo upande wa tumbo, ufungwe kwenye ubao ulionyoka, ukaushwe kivulini. Hapa nyumba za Mashimoni zina hatari yake. Chini ya mabati mchana joto ni kali, na fito iliyotundikwa darini hupasuka kabla ya mwezi kwisha. Mahali pazuri ni chini ya kitanda. Ikae huko miezi mitatu au minne, na mwenyewe aipime kila juma kwa mizani ya kuning'iniza ya muuza makaa. Uzito ukiacha kupungua, mti umekauka. Watu wa nyumbani waambiwe kwamba hiyo si kuni. Huenda onyo hilo likaonekana la mzaha, lakini fito kavu iliyonyoka karibu na jiko haikai siku nyingi pasipo onyo.

Baada ya hapo mchongaji apima katikati ya fito na kuacha mshikio wa sentimita kumi. Uta kwa mtu mzima uwe na urefu wa sentimita 160 hivi. Mfupi zaidi huvunjika upesi mikononi mwa anayejifunza. Karibu na mshikio upana uwe sentimita tatu na nusu au nne, ukipungua polepole hadi sentimita moja na nusu kwenye ncha. Mgongo haufanywi kitu, na ukiwa na kilima au bonde, tumbo lifuate kilima hicho na bonde hilo. Panga au tezo yatosha kwa mwanzo. Kisha hufuata randa au tupa, na mwisho kisu na kioo. Kadiri uta unavyokaribia kwisha, ndivyo chombo kinavyopaswa kutoa unga badala ya vipande.

Sasa yaja kazi ambayo ndiyo kiini cha ufundi wote, yaani kuufundisha uta kupinda sawasawa. Kwanza mwenye uta huusimamisha ncha chini, huushika juu na kuusukuma katikati polepole, akitazama. Nusu moja ikipinda na nyingine ikikataa, anakwangua ile inayokataa. Nusu zote mbili zikianza kutii, anafunga kamba ndefu iliyolegea kutoka ncha hadi ncha, anauweka uta juu ya gogo lililosimamishwa na kuchongwa pengo juu yake, na kuivuta kamba chini kwa sentimita chache. Hurudi nyuma hatua tatu na kuangalia. Wakati wa jioni taa yaweza kusaidia, maana kivuli cha uta ukutani huonyesha kosa ambalo jicho halioni kwenye mti wenyewe.

Umbo linalotakiwa ni kama la mwezi mwandamo, nusu mbili zikifanana. Mahali panapopinda kuliko penginepo ni pembamba mno, wala hapakwanguliwi tena. Hukwanguliwa kwingine kote mpaka kulingane napo. Mahali palipo bapa bila kupinda ni panene, na hapo kioo kipite mara tano au sita, si zaidi. Kila baada ya kukwangua, kamba ivutwe taratibu mara 30, kwa kuwa mti huchelewa kuonyesha badiliko. Ndipo avute sentimita mbili zaidi, atazame tena. Mchongaji asivute kamwe kupita umbali ambao uta umekwisha kuonyesha umbo zuri, wala kupita nguvu anayoitaka mwishoni. Kwa anayeanza, ratili 25 hadi 35, yaani kilo 11 hadi 16, ni nguvu ya kutosha. Mizani ile ya makaa hufaa hapa pia: ndoano yake hushikwa na kamba, na mtu asoma kilo huku mwenzake akitazama umbo.

Kazi hii yaweza kuchukua jioni kumi. Mtu aliyerudi kutoka kazini na miguu imechoka, akakwangua kwa nusu saa, akaviringisha uta katika gunia na kulala, atamaliza salama kuliko yule anayetaka kuupiga Jumapili hii. Nyuta nyingi hazivunjiki kwa ubaya wa mti, bali kwa saa moja ya mwisho ambayo mwenyewe aliona haja ya kumaliza. Uta ukivunjika, na wa kwanza huvunjika mara nyingi, vipande visitupwe. Patazamwe pale ulipovunjikia. Kwa kawaida hapo patakuwa na kifundo, au mkwaruzo mgongoni, au pembamba palipoachwa.

Upote, yaani kamba ya uta, zamani ulisokotwa kwa kano za wanyama. Siku hizi uzi wa polyesta wa washona viatu ni bora. Nailoni haifai, maana hunyumbuka na kuiba nguvu ya uta. Nyuzi zisokotwe pamoja mpaka zitoshe kubeba mara nne ya nguvu ya uta, kisha zipakwe nta. Uta ukifungwa, nafasi kati ya mshikio na upote iwe kama ngumi moja na kidole gumba kilichonyoshwa juu yake. Usiachiwe kamwe upote ukivutwa pasipo mshale, kwa sababu nguvu ambayo ingekwenda na mshale hurudi yote katika mti na kuupasua.

Mishale yafanywa kwa vijiti vya mkole vilivyonyoshwa juu ya makaa, au kwa vijiti vya mviringo vinavyopatikana kwa maseremala. Vyote vya seti moja view na uzito mmoja na ugumu mmoja. Wazee walipenda manyoya ya tai. Leo tai walao mizoga wamepungua sana na sheria yawalinda, lakini bata mzinga na kuku wamo sokoni. Manyoya matatu kwa kila mshale, yote ya bawa la upande mmoja, yabandikwe kwa gundi na kufungwa kwa uzi. Nyuma ya mshale hukatwa pengo dogo la kushika upote. Chembe kiwe butu, kipande cha mfereji mwembamba wa shaba au hata ganda la risasi lililokwisha tumika halihitajiki. Ncha ya mti iliyokaushwa motoni yatosha kwa shabaha ya gunia.

Gunia lenyewe lijazwe vitambaa vinavyotupwa na washonaji, vikishindiliwa kwa nguvu. Lakini lisitundikwe kijijini. Uta wa ratili 30 waweza kupeleka mshale mita 100 na zaidi, na ukuta wa udongo katika Mashimoni hauko mita mbili kutoka mlango wa jirani. Mtoto hutokea kichochoroni bila kutazama. Kwa hiyo mahali pa kupigia ni uwanja mpana, labda wa shule, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na siku ambayo hamna wanafunzi, nyuma ya shabaha pakiwa na kingo ya udongo. Wanaopiga wasimame mstari mmoja, na hakuna aendaye kuchukua mshale mpaka nyuta zote ziwe chini.

Wako Wakenya waliofika mbali kwa mchezo huu. Shehzana Anwar, mpiga mishale, alibeba bendera ya Kenya katika kufunguliwa kwa michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Uta wa mashindano hayo ni wa vyuma na vitu vya viwandani, nao bei yake ni kubwa. Hata hivyo mkono unaojifunza kutulia kwa uta wa mkole hujifunza jambo lile lile.

Uta uliokwisha hupakwa mafuta ya kitani au ya kupikia, mara kwa mara, ili unyevu usiingie wakati wa mvua. Baada ya kupigwa ufunguliwe kamba siku zote. Usiegemezwe pembeni mwa ukuta ukasimama kwa ncha, maana utashika kombo. Ulazwe juu ya misumari miwili ya mti, mbali na jiko, juu kuliko mkono wa mtoto.